Taata Aliomba Arudishwe

Wapendwa, msiseme Amina bado. Kwa miaka mingi nimewaambia watu, na ninyi wa hapa Hamugembe mmenisikia, kwamba baba yangu alifia hospitalini, mikononi mwa madaktari. Si kweli. Alifia garini, pale Kemondo, akiwa ameniomba nimrudishe nyumbani, nami nikamwambia dereva aendelee.

Mmenialika niseme maana ya kuwa mfuasi wa Kristo. Najua kwa nini mlinichagua: nimesoma chuo kikuu, naandika makala, na darasa la ufuasi nalifundisha mimi, tena kwa michoro yenye mishale. Leo michoro nimeiacha nyumbani.

Baba tulimwita Taata. Aliugulia Kishanda, kwenye kibanja chetu cha migomba, na aliyemuuguza ni mdogo wangu wa kiume. Alimwogesha, alimlisha, alilala chini kando ya kitanda chake. Mimi nilikuwa nauguza kwa simu kutoka Bukoba. Siku moja nikafika na gari la kukodi, nimpeleke hospitali Bukoba. Mdogo wangu akanisihi taratibu kwamba Taata ameshasema anataka kufia kwake. Nikamuuliza amekuwa daktari tangu lini. Na kwa kuwa nilishajaza gari mabegi na magodoro, nikamwagiza abaki aangalie nyumba.

Tulipopita Muleba mjini, Taata akanishika mkono. Akasema anataka kurudi. Akamwita mdogo wangu kwa jina. Nikamjibu kama sisi wasomi tunavyowajibu wagonjwa: tunakaribia, tulia. Kufika Kemondo, akatulia kweli.

Msibani nilisema alifia hospitalini, na watu wakanisifu kwa kuhangaika. Aliyenishukuru kuliko wote ni mdogo wangu. Ndugu zangu, nawaambia, ni afadhali kutukanwa kwa haki kuliko kushukuriwa namna ile.

Mwaka jana tulikutana Kishanda kwa ibada ya kumkumbuka Taata. Mdogo wangu akaomba, akamshukuru Mungu kwamba baba yetu alikufa akihudumiwa. Wote wakaitikia Amina. Mimi ilinikwama. Baadaye nikamfuata kwenye migomba, akikata majani makavu, nikamweleza yote. Hakuacha kukata.

"Alinitaja?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

Akaweka kisu chini, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sasa hapa ndipo mlipotaka niseme moyo ulijaa amani. Nami niliisubiri, wapendwa. Nilirudi Bukoba nikakaa kitini nikiisubiri kama mtu anayesubiri umeme urudi. Nilikuwa nimetii, si ndiyo? Nimesema kweli. Lakini nilichopata ni simu isiyopokelewa. Nikatuma ujumbe mrefu wenye mistari ya Biblia. Nadhani hata mistari hakuisoma. Nikamwomba mchungaji aende. Alienda, akapokewa vizuri sana, akala, akarudi na mkungu wa ndizi. Kuhusu mimi hakujibiwa neno.

Nikaanza kwenda mwenyewe kila Jumapili baada ya ibada. Mnajua kwetu mgeni hakai bila kuletewa kahawa ya kutafuna. Mimi nilikaa kwenye benchi nje, mikono mitupu, na mke wake akipita ananiamkia akiangalia pembeni. Basi nikabuni jambo la kisomi. Nikanunua kahawa sokoni Bukoba, nikaenda nayo, nimkaribishe yeye. Naona mnacheka, na mna haki. Mgeni kwenda na kahawa yake kwenye nyumba ya Mhaya! Mdogo wangu aliangalia kile kifurushi, akaniangalia mimi, akasema: "Kumbe unaogopa sumu ya kwetu."

Siku ile ndipo nilipoishiwa. Nililia hadi Muleba. Mbinu sikuwa nayo tena, wala mstari, wala mtu wa kumtuma. Nikaelewa jambo ambalo kwenye michoro yangu halina mshale: naweza kusema kweli, naweza kwenda, lakini kumfungua mtu moyo siwezi. Wala kumrudisha Taata. Nilikuwa nimezoea kumfuata Yesu nikiwa nimeketi mbele karibu na dereva, nikimwelekeza njia.

Jumapili iliyofuata nikaenda tena, bila kitu. Nawashukuru kina mama wawili wa hapa, wenyewe wanajijua, waliokuwa wakinisindikiza na kukaa nami kwenye benchi bila kunifariji. Namshukuru wifi yangu, ambaye hakuwahi kuacha kunitakia safari njema. Kama kuna la kujifunza, ni hili tu: ukishatii usikae kudai malipo. Rudi pale ulipokosea, ukae, hata kama hakuna anayekukaribisha.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, nikiri kwamba sijui mwisho wake. Lakini jana mchana namenya ndizi, simu ikaita. Jina lake. Nikadhani kuna msiba.

"Dada, sijakusamehe," akasema. "Usije ukadhani."

Nikasema nimesikia.

Kisha akasema: "Niambie alivyosema. Maneno yote. Kwa Kihaya, kama alivyoyasema yeye."

Nikamwambia, neno kwa neno, na jina lake alivyoliita. 

"Jumapili utakuja?"

Nikasema nitakuja.

"Uje uniambie tena."