Mwalimu Muriel Sowerby na Kituo Ambako Mfalme Hakufika (1946–2019)

Marehemu Muriel Audrey Sowerby alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 mjini Gainsborough, kaunti ya Lincolnshire, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Wilfred Blanchard, aliyekuwa akisambaza mkate kwa gari, na mkewe Edna. Siku za likizo alipanda gari na baba yake kijiji hadi kijiji. Siku moja, akiwa na miaka minane, walisimama mbele ya jumba la kale la mji wao, alikowahi kulala mfalme wa zamani, akauliza, "Baba, mfalme alipokuja hapa alikula nini?" Mzee akamjibu, "Mkate, mwanangu. Na ujue kuna mtu alichelewa kuuleta akagombezwa." Marehemu alisema kazi yake yote ilitoka kwenye jibu hilo.

Alisoma shule za mjini kwao, kisha Chuo Kikuu cha Leeds, alikohitimu historia mwaka 1967. Mwaka uliofuata alianza kufundisha Doncaster, akadumu darasani miaka ishirini. Hakuwa mwalimu mpole. Mwanafunzi aliyesema "nadhani" aliulizwa papo hapo ameona wapi.

Tarehe 3 Aprili 1971 alifunga ndoa na Bwana Alban Sowerby, mchora ramani, mtu wa maneno machache. Walijaliwa binti mmoja, Philippa. Fungate yao ilikuwa siku tisa za kufuata kwa baiskeli njia aliyopita Mfalme Henry wa Nane alipokwenda York mwaka 1541. Bwana Alban anasema mvua iliwanyeshea siku saba kati ya hizo, na hata hivyo alikuwa ameshaoa.

Mwaka 1988 alikabidhiwa mafunzo ya walimu wa historia wa wilaya. Wakati huo mafunzo kazini yalikuwa ni kukaa ukumbini, kunywa kahawa mbaya na kungoja cheti. Marehemu aliwatoa nje. Kila kiangazi aliwachukua walimu kumi na wanne kwa siku tatu, akawapanga kama msafara wa mfalme: mmoja atangulie kutia alama za chaki kwenye milango ya malazi, wengine wapike, wengine wavute mkokoteni wenye vitanda na masufuria. Aliyesahau chumvi alikula bila chumvi, na wenzake pia. Bwana Clive Ormerod wa Rotherham, mtu mwenye mwili mkubwa, alipopewa mkokoteni mwaka 1994 alisusa.

"Mwalimu, mimi nimekuja kuchukua cheti. Sikuja kuwa punda."

"Cheti kiko Averholme, Bwana Ormerod. Vuta."

Averholme ni jumba la Bi Dorothea Fane, na ndicho kilichokuwa kituo cha mwisho. Huko marehemu aliwapandisha walimu chumba cha juu na kuwaambia kwamba mfalme alilala humo usiku mbili za Agosti. Bi Dorothea akaweka kibao mlangoni kinachosema hivyo, akawa anauza chai na keki kwa wageni. Mafunzo hayo yaliendelea kwa viangazi kumi na tisa, hadi marehemu alipostaafu mwaka 2006.

Mwaka 2011, akisoma daftari za jikoni za mfalme kwenye hifadhi ya nyaraka huko London, aliona kwamba mkate na nyama ya usiku zile mbili vililiwa kwenye nyumba nyingine, maili kumi na moja kutoka Averholme. Yeye alikuwa ametegemea orodha ya vituo iliyotolewa kabla msafara haujaondoka. Kila mwaka aliwafundisha walimu kwamba mvua ya 1541 iliharibu barabara kwa majuma, asijiulize kama mvua hiyohiyo ilimgeuza mfalme njiani. Alirudi nyumbani akiwa ameumia kweli. Bwana Alban alijaribu kumtuliza.

"Muriel, ni usiku mbili, karibu miaka mia tano iliyopita. Nani atajua?"

"Walimu mia mbili sitini na sita wanajua vibaya, Alban, na kila mmoja ana darasa."

Akatoa daftari za mahudhurio, akaanza kumwandikia kila mmoja kwa mkono wake, na kazi hiyo ilimchukua miaka minane. Wengine walikuwa wamehama, wengine wamebadili majina, kumi na wawili walikuwa wamefariki, akaziandikia shule walizofundisha. Bi Dorothea alipopata habari aliuliza, "Sasa mfalme asipolala kwangu, keki zangu atakula nani?" Lakini alibadili kibao. Leo kinasema: *Mfalme Henry alitarajiwa hapa, Agosti 1541. Kitanda kilitandikwa. Hakuja.* Keki zinaliwa kama kawaida.

Juni mwaka huu marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hakuuliza sana kuhusu dawa. Aliuliza amebakiwa na majuma mangapi, kwa sababu jina moja kwenye daftari lilikuwa bado halijapatikana, la Bwana Ormerod, aliyekuwa amehamia Uhispania. Alipatikana Oktoba. Jibu lake lilifika tarehe 2 Novemba, Philippa akamsomea kitandani: "Yaani, Mwalimu, mkokoteni ule niliuvuta kwenda mahali ambapo mfalme mwenyewe hakufika?" Marehemu alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Kisha akaomba kalamu, akaliwekea alama jina lile. Alifariki Jumatatu tarehe 4 Novemba 2019, saa moja asubuhi.

Ameacha mume, Bwana Alban, binti, Philippa, wajukuu wawili, Rufus na Tabitha, na mdogo wake, Edwin, ambaye mwanawe Giles ndiye anayesoma wasifu huu.

*(Kikaratasi kilichoongezwa siku ya mazishi, Ijumaa, tarehe 15 Novemba.)*

Njia ya mazishi, iliyochapwa nyuma ya ratiba hii, aliipanga marehemu mwenyewe mwezi Septemba: nani atangulie, wapi tusimame kunywa chai, na saa nne na nusu kupita mbele ya Averholme. Jana jioni mto ulifurika na daraja limefungwa. Tumepita barabara ya juu, isiyofika Averholme. Gari la jeneza limekwama kwenye tope langoni mwa kanisa, tukatoa mkokoteni wa kale wa kanisa, na Bwana Ormerod, aliyefika jana kwa ndege, ameomba kushika mpini wa mbele. Amesema safari hii hadai cheti.

Kwa hiyo atakayehifadhi ratiba hii tunamwomba achukue kalamu na kuandika pembeni, penye jina Averholme: *hakupita hapa.* Apumzike kwa amani pale alipofika kweli.