Siku Nilipoachia Kitufe cha Foni

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, wakati wa vita. Nilikuwa nimetazama saa yangu kabla ya kuwasha mota ya kukamulia mawese. Dakika chache baadaye saa hiyo ilikuwa kwenye mkono wa mtu mwingine.

Amahoro, ndugu zangu. Mimi ni fundi wa mota hapa Kizuka, wengi mnanijua. Mmeniomba nieleze nilivyopona. Nitaeleza kwa mpangilio, bila kutaja jina la mtu.

Watu watano wenye bunduki walitoka kwenye michikichi. Sikuuliza ni wa upande gani. Walichukua saa, redio na pesa ya mawese, wakanipiga begani kwa kitako cha bunduki. Kisha mkubwa wao akauliza, "Nani mwingine hapa iko na kitu?" Nikanyoosha mkono kuelekea nyumba ya jirani yangu, mshonaji. Sikusema neno, mkono ulitosha. Walimvunja vidole viwili, wakabeba cherehani yake.

Watu walitupa pole sote wawili. Jirani mwenyewe alikuja kunijulia hali, mkono wake umefungwa bendeji. Hakujua. Nami nikanyamaza.

Bega lilipona kwa wiki tatu. Usingizi haukurudi, na chakula kilinishinda. Nilifungua pampu ya mazutu, yaani dizeli, kazi ya miaka yangu yote, nikasahau skrubu zinarudi wapi.

Mke wangu akanipeleka dispanseri. Waliniambia kwamba Bujumbura kuna dada muuguzi aliyesomea magonjwa ya akili. Lakini kwenye barabara ya ziwa magari yalikuwa yanavamiwa, na hakuna aliyesafiri bila sababu kubwa. Ilibaki foni, ile redio ya mawasiliano waliyoitumia kuagiza dawa. Kila Alhamisi saa nne asubuhi dada yule alikaa upande wa pili, na watu waliovamiwa, kila mmoja kwenye kituo cha kwao, walizungumza naye kwa zamu.

Vijana, foni si simu. Ukibonyeza kitufe unasema, lakini husikii kitu. Ukimaliza unasema "à vous", yaani zamu yako, unaachia, ndipo mwenzako anajibu. Na kila aliyewasha foni yake, Gatete, Magara, popote, anasikia yote.

Nawaambia ukweli, nilikipenda kitufe kile. Nikikibonyeza, hakuna awezaye kuniuliza. Alhamisi tano mfululizo nilimweleza dada habari za mota: pistoni, mkanda, mazutu. Karani wa foni alichoka. "Papa, betri inakufa! Mota yako hata mimi sasa naweza kuifungua." Wewe unayecheka pale nyuma, cheka tu. Hata mimi sasa nacheka.

Alhamisi ya sita dada akasema, "Papa, leo utasema sentensi moja. Kisha uachie. À vous."

"Sentensi gani? À vous."

"Ile unayoizunguka. À vous."

Nikabonyeza. "Ni mimi niliwaonyesha nyumba ya jirani yangu. À vous." Kidole hakikutaka kutoka. Nikahesabu mpaka nne, nikaachia.

Foni ikakoroma. Sauti iliyokuja haikuwa ya dada. Ilikuwa ya mwanamume.

"Hapa Magara. Hata mimi niliwaonyesha. Mutumbwi wa shemeji yangu. À vous."

"Magara, usikatize zamu ya mwenzako," dada akasema. "Lakini murakoze, asante. Kizuka, umesikia? À vous."

Nilikuwa nimesikia. Mtu yule sijawahi kumwona mpaka leo.

Dada hakunipaka mafuta. Alisema mtu aliyeelekezewa bunduki kifuani hachagui vizuri, na hilo nilijue. Kisha akaongeza, "Maneno haya pwani yote imesikia. Jioni yatakuwa kwa jirani yako. Ufike wewe mbele."

Nilitoka pale moja kwa moja. Nilimkuta mlangoni, nikamwambia nikiwa nimesimama.

"Walikuwa wangapi?" akauliza.

"Watano."

"Na wewe ulikuwa na nini mkononi?"

"Spana."

"Namba ngapi?"

"Kumi na saba."

"Na kumi na saba ungewafanya nini, mujinga wewe?" Mkewe akacheka. Yeye hakucheka. "Nimekasirika, na nitakasirika bado. Usikanyage hapa wiki mbili. Kisha uje na kalamu."

Usingizi ulirudi taratibu, saa moja, saa mbili, kwa miezi kadhaa. Namshukuru mke wangu, karani na betri yake, dada yule, na sauti ya Magara. Kama mna neno moja mnalolizunguka, lisemeni kwa ufupi, kisha mnyamaze, mwenzenu apate kujibu.

Baada ya wiki mbili nilirudi na kalamu. Ofisi ya zoni ilitaka kila mtu aorodheshe alichoibiwa na thamani yake, ili alipwe, na vidole vyake havikuweza kuandika. Niliandika vyake: elfu sitini na moja na mia tano. Nikatoa karatasi nyingine niandike vyangu: elfu kumi na nne na mia tatu. Akaninyang'anya ile ya pili.

"Karatasi moja," akasema. "Wezi walikuwa walewale."

Hatujalipwa. Chini ya majina yetu mawili niliandika jumla: faranga elfu sabini na tano na mia nane.