Nani Alifyeka Matete?

Benchi langu hapa Bulyaga, mjini Tukuyu, ni ubao mmoja juu ya matofali. Mbele yake kuna jiko la mkaa na birika la kahawa chungu. Mimi Jaffari ndiye muuzaji, na wanaoukalia ubao huo wana midomo mingi kuliko kazi. Ezron tunamwita Waziri, maana kila jambo ana taarifa yake. Asajile, bodaboda wa Isongole, ni Breki, kwa sababu pikipiki yake haina. Leo asubuhi, ukungu umeziba hadi barabara, walikuwa wananijadili mimi. Kuna dada anazunguka na kinasa sauti, anakusanya habari za maisha ya sisi tuliozaliwa kwenye kisiwa kidogo kule chini, Ziwa Nyasa, ili ijulikane namna ya kukiokoa kisiliwe na maji. Nyumba saba zimeshakwenda. Ya nane ni ya dada yangu Tausi. Na mimi naogopa, sifichi.

— Usiongee, mzee Jaffari, — Waziri akaanza. — Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi ziba ufa wa mdomo!

— Toka hapa! Methali hiyo haina mdomo ndani yake, — nikamkaripia. Lakini ilinichoma.

— Mzee baba, sikia, — Breki akadakia. — Ukishawaambia ulizaliwa wapi, ulivua wapi, wameshajua kila kona. Kesho unasikia hoteli.

— Hoteli kwenye kisiwa kinachozama? — nikauliza.

— Ya chini ya maji! Watalii wanalala humo, wanaangaliana na samaki.

— Hiyo ndogo, — Waziri akasema. — Akili mnemba mnaijua nyie? Wanachukua sauti yako, wanaikoroga kwenye kompyuta, kesho Jaffari anasikika redioni anauza kisiwa, na dada yake humo humo.

— Mwee! — Breki akashangaa.

— Hata ukifa inaendelea kuuza. Watu wako msibani, wewe uko hewani unapatana bei.

— Haba na haba hujaza kibaba, — Breki akaafiki, Mungu ndiye anayejua kwa nini.

Nikacheka nao, ila nikamimina bila kutazama, kahawa ikamwagikia goti la Waziri. Waache waogope kompyuta. Mimi naogopa kiangazi kimoja cha ujana wangu. Upande wa kusini wa kisiwa kulikuwa na matete marefu kuliko mtu, na wazee walikataza kuvunja hata moja. Wenzangu wote walikuwa wamevuka kwenda msibani. Nikayafyeka siku nne, nikang'oa na mizizi, nipate nafasi ya kuvuta wavu wa kokoro hadi ufukweni. Waliporudi nikawaambia ni mawimbi, wakaniamini.

Mara yule dada akatokea kwenye ukungu, viatu vimejaa matope. Anaitwa Winfrida.

— Shikamoo, mzee. Natoka kwa bibi Tausi. Anakusalimu sana. Maji yamefika mlangoni.

— Marahaba, — nikasema.

— Unarekodi? — Breki akauliza huku akisogea nyuma.

— Bado, kaka. Nina swali moja tu kwa mzee, maana taarifa yangu inapelekwa wilayani Ijumaa. Matete ya kusini yaliishaje? Kama ni maji yaliyoyaua, basi hata tukipanda mengine yatakufa, watu watahamishwa na kisiwa kitaachwa. Kama ni mtu aliyeyafyeka, tunapanda upya kabla ya masika, yanashika udongo, na bibi anabaki kwake. Nimewauliza wote. Wanasema walikuwa msibani, aliyebaki ni wewe.

Waziri, mwenye taarifa ya kila jambo, akatazama ndani ya kikombe. Breki akatazama pikipiki yake.

— Hakuna atakayekushtaki, mzee, — Winfrida akasema polepole. — Ni maji, au kuna mtu aliyeyafyeka?

Nikafungua mdomo. Nikamwona Tausi akizoa maji kwa sufuria. Nikawaona wenye zile nyumba saba, mmoja mmoja, wakiniuliza swali hilo hilo.

— Mimina basi, mzee, — Breki akasema, ili tu mtu aseme kitu. — Hata nusu kikombe.

Birika lilikuwa bado zito mkononi mwangu.

— Kahawa imekwisha, — nikasema.