Ndege wa Mzee Hermenegildi

Bisha! Bisha nikuone. Nakwambia mgonjwa wa saratani, mzee mzima wa Mlabani, aligoma kwenda Dar kupigwa mionzi kwa sababu ya ndege, na aliyemsafirisha ni mimi, niliyeishia darasa la sita tu. Kila kitu kilikuwa tayari: parokia imetoa nauli, Dada Digna wa afya ya jamii amepata tarehe na mahali pa kufikia, sisi bodaboda tumeahidi kumfikisha stendi. Mzee Hermenegildi akasema haendi. Mpunga wake wa Kivukoni ndiyo kwanza unajaza, nani ataamia ndege? Ikabidi kamati ikae kijiweni, kwenye benchi la Eustaki muuza kahawa. Mwenyekiti mimi.

— Mtu anaumwa hivyo, bado anawaza shomoro? akaanza Polycarp, ambaye sisi tunamwita Redio kwa kuwa hazimwi.

— Si shomoro, Redio, ni kwelea, akasema Eustaki. Wakishuka wale, jioni unavuna majani.

— Basi tufunge spika za kwaya shambani, tupige nyimbo za Kwaresima mchana kutwa. Ndege mwenyewe atatubu.

— Umeme utautoa wapi, kwa kambale?

Mashimba, Msukuma wetu wa ng'ombe, akaweka kikombe chini.

— Mimi naleta ng'ombe. Ndege akiona pembe zile, anahama.

— Na mpunga je?

Akafikiri kidogo.

— Nitawafunga midomo.

— Kundi zima? Na nini?

— Barakoa za korona. Si zilibaki nyingi?

Nikaona wananiharibia kikao.

— Tulieni, watoto nyie. Tunazungusha pikipiki shamba zima, eksozi wazi. Ndege wanakwenda kutua Mang'ula.

— Shamba lina maji mpaka magotini, bwege wewe!

— Pikipiki tunazipandisha kwenye mitumbwi.

Redio akapiga paja.

— Mnajisumbua. Tumkamate kiongozi wao, tumfikishe serikali ya mtaa.

— Kwani ndege wana kiongozi? akauliza Mashimba.

— Kila kundi lina kiongozi. Hata sisi si tunaye huyu?

Wakacheka wakinitazama mimi. Bado wanacheka, Dada Digna akatokea, jasho linamtiririka.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Basi la mzee linaondoka kesho alfajiri. Mzee anauliza kitu kimoja tu: kesho nani anapanda dungu kuamia ndege?

Mashimba akachungulia kikombe chake. Redio, mara ya kwanza tangu nimjue, akazimika. Eustaki akainamisha birika, halikutoa hata tone.

Ndipo nikasimama, kidume! Mzee akapanda basi. Sasa kila asubuhi ananipigia kutoka Dar.

— Shikamoo, babu. Unaendeleaje?

— Marahaba. Ndege?

— Hakuna hata mmoja, babu. Wamehamia Mahenge.

— Haya. Basi leo nakwenda kwenye mashine.

Unacheka? Haya, kuna sehemu nimeiruka. Siku ile nilisimama niende kujisaidia. Digna akanishika mkono, akasema, "Mungu akubariki, mdogo wangu," mbele ya watu wote. Ningekaaje tena? Na ndege wapo. Ona kule kona ya mtoni, yamebaki makapi matupu. Mashimba anakuja akimaliza kunywesha ng'ombe, Redio anakuja akijisikia. Lakini mzee akijua, kesho yuko kwenye basi la kurudi, matibabu nusu. Na hiyo mionzi hairukwi kama darasa la saba.

Sasa wewe umepanda dungu langu, umekula mihogo yangu, hadithi umepewa bure. Shika hili debe. Upande wa mtoni ni wako. Piga, wale wanashuka! Piga, simu inaita, mzee asije akawasikia!