Mkataji Anaondoka, Mkono Wake Unabaki

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Mzee Mkasi anaiacha meza ya kukatia nguo aliyoitumikia miaka thelathini na mmoja. Jina hilo la utani tulimpa sisi wa chumba cha kukatia. Mkewe, Mama Pacha, hulitumia tu akiwa amekasirika.

Aliingia kiwandani kama mfagiaji wa vipande, akapanda hadi kuwa mkataji mkuu. Sare nyingi za shule mnazoziona barabarani zimepita mikononi mwake. Kwa utani hana mpinzani: ukichelewa kazini, atakuuliza mbele ya watu kama harusi ilifana.

Desturi yake tunaijua sote. Vitambaa vikishatandazwa tabaka juu ya tabaka, huvipiga kofi mara mbili, kisha hunitazama usoni. Mimi ndiye mtandazaji, nasimama upande wa pili, na huenda mkono wangu bado uko chini ya kitambaa ukinyoosha mkunjo. Nisipojibu "tayari", kisu hakisogei. Aliyemfundisha kazi alipoteza vidole kwa kisu kisichosubiri jibu. Kwa Mzee hajakatwa mtu.

Mwaka jana zilifungwa kamera juu ya meza yake. Aliambiwa akate kama kawaida, kampuni haitaki ujuzi wake upotee. Alifurahi mno, akawa anachana nywele kabla ya zamu. Sasa mashine ya kukata iliyofundishwa kwa picha za kamera hizo imefika, na kweli imefuzu: inapiga kofi mara mbili kama yeye. Fundi wa kompyuta alicheka, akasema ina adabu. Lakini ikishapiga, inakata papo hapo. Haimtazami mtu.

Siku ya majaribio nilichomoa mkono, kisu kikapita palepale ulipokuwa. Mzee alipanda ofisini kuomba mashine ifundishwe kusubiri, akawakumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Alijibiwa kuwa hiyo haraka ndiyo iliyonunuliwa. Alirudi, na tangu siku hiyo hajamtania mtu. Wiki hii kamera nyingine zimefungwa juu ya meza za washonaji, nao wameanza kushona wakiwa wameinamisha vichwa ili kamera zisione mikono yao.

Ratiba ya kumuaga mliyoishika inasema mstaafu ataiwasha mashine mbele ya wageni. Amekataa. Amesema mkono ule ni wake, ila kazi ile si yake. Kwa hiyo meneja ataiwasha mwenyewe, nami nitatandaza, kwa kuwa nina watoto na hakuna mwingine aliyekubali.

Mzee wetu, asante kwa kila mara uliyonisubiri. Nenda ukamsumbue Mama Pacha, ulale mpaka jua likutoe kitandani. Tunakutakia uzee mtamu. Sisi utuombee vidole.