Mama Povu Anastaafu Ijumaa, na Pipa la Dobi Bado

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kunusa maji machafu ya watu, fundi wetu wa mitambo ya majumbani ya kuchuja maji, ambaye wote mnamjua kwa jina la Mama Povu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa mimi, mzee wa stoo, ndiye niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote hapa karakana. Shule niliiacha mapema, nayo haikunililia, kwa hiyo mkikuta koma imekaa pabaya, isogezeni wenyewe.

Alikuja akiwa msichana mwembamba na spana mbili kwenye kikapu, ameajiriwa kuziba mabomba yanayovuja. Mwaka wa pili akachoka kuona watu wanapanga foleni ya maji asubuhi, halafu mchana wanayamwaga mtaroni yakiwa yamefua mara moja tu. Akaniomba pipa bovu, kokoto na mchanga. Nikampa, nikasema moyoni: huyu miezi mitatu ni mingi.

Jina alilipata kihalali. Mtambo wake wa kwanza aliufunga nyuma ya ofisi, na siku ya kuujaribu ukatema povu uani, povu likapita chini ya mlango wa mkuu wa wakati huo mpaka miguuni pake. Mkuu alitoka soksi mkononi. Mtu mwingine angeomba radhi. Yeye aliinama, akalinusa lile povu, akauliza nani ametumia sabuni ya unga badala ya kipande.

Tangu hapo amefunga mitambo mia mbili na kumi, yote ya mapipa matatu. La kwanza hunasa nyuzi, nywele na mafuta. La pili lina kokoto chini na mchanga juu, na juu ya mchanga huota utando mwembamba kama ngozi ya maziwa, wenye vijidudu vinavyokula uchafu. La tatu hupokea maji yaliyochujwa, ya kulowekea nguo na kumwagia choo. Si ya kunywa, ingawa kuna mwenzetu mmoja wa idara ya rangi aliyeonja kwa ubishi na akakaa nyumbani siku mbili.

Mumewe, fundi seremala, aliwahi kunilalamikia kwamba tangu aoe hajawahi kuoga kwa raha. Akijipaka tu, mkewe anagonga mlango: "Baba watoto, punguza sabuni, unaniulia mchanga!"

Ningependa kumalizia hapo tupige makofi. Lakini kuna mtambo wa mwisho, na huo ndio unaoninyima hamu ya kula.

Ulifungwa kwa dobi wetu, yule mama anayefulia nyumbani kwake nguo za nusu ya mtaa, ambaye magoti yake siku hizi yanagoma kubeba ndoo. Ukafanya kazi vizuri. Dobi akasikia wakaguzi wa mitambo wanakuja kesho yake, akaja dirishani kwangu.

"Shemeji, nipe dawa ya kung'arishia nguo. Nina wageni, nisije nikamwaibisha Mama Povu."

Nikampa chupa nzima. Sikuuliza ya nini. Dobi na dawa ya nguo, utauliza nini? Akaenda akaimimina yote kwenye pipa la pili, ling'ae.

Mama Povu alifika, akafunua mfuniko, akanusa. Kisha akaja mpaka stoo na kuniambia, taratibu kabisa, kwamba nimemwulia mchanga.

Hiyo ilikuwa tarehe kumi na sita. Utando huota upya kwa wiki mbili ukiwa na bahati, tatu ukiwa na nuksi. Na kanuni yetu inasema fomu ya kukabidhi mtambo husainiwa na fundi aliyeujenga, akiwa bado kazini. Isiposainiwa, mapipa yanarudi stoo na mwenye nyumba anaanza upya mwisho wa orodha. Karatasi ya kuyapokea nimeshaletewa. Nimeificha chini ya mto wa kiti changu.

Mkuu wetu wa sasa, kwa huruma, alimshauri amalize mambo mapema. "Saini tu, mama. Nani atakwenda kunusa?"

"Mimi," akajibu, akaondoka.

Kila asubuhi anapita kwa dobi na kuniletea glasi. Jumatatu maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Jana kama chai ya rangi iliyopoa. Leo, Jumatano, ni kama maji yaliyooshewa mchele, na harufu ipo, kwa mbali. Tumeitazama ile glasi wote wawili, hakuna aliyemtania mwenzake.

Kwa hiyo ratiba ya Ijumaa imebadilika kidogo. Kabla ya hotuba, dobi ataweka glasi mezani mbele ya mstaafu, pamoja na fomu na kalamu. Atanusa. Nawaomba siku hiyo asijipulizie mtu marashi, na wakati ananusa mtu asikohoe. Akichukua kalamu, pigeni vigelegele mpaka mabati yatikisike. Akiisukuma glasi, basi mapipa nitayapokea kwa mikono yangu mwenyewe, na dobi atarudi kwenye ndoo kwa sababu ya chupa yangu.

Mama Povu, asante kwa kutufundisha kwamba maji hayachakai kwa kufua mara moja. Nenda kapumzike, ulale mchana, na mzee wa watu aoge kwa raha sasa. Tunakutakia maisha mema. Na wewe utuombee ziwe wiki mbili, zisiwe tatu.