Maji ya Kisima cha Okko Poppinga

Ndugu, majirani na marafiki mliojaa kanisa letu la Folkertsfehn leo: mimi ni Tomma, binti wa Gretje, dada wa marehemu. Mjane wake, Bi Hilke, ndiye aliyeniomba nisome habari hizi za maisha ya mumewe. Alisema, "Usimpambe sana, Tomma. Watu wanamjua." Basi sitampamba.

Marehemu Okko Harms Poppinga alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 hapa hapa kijijini, katika nyumba ya matofali mekundu kando ya mfereji, akiwa mtoto wa kwanza wa Harm na Tomma Poppinga, bibi yangu niliyepewa jina lake. Nyuma ya nyumba hiyo kuna kisima alichochimba babu yake, na kisima hicho ndicho kilichokuwa fahari ya ukoo wetu. Hatukuwa na mashamba makubwa wala mchungaji hata mmoja katika familia, lakini maji ya chai tulikuwa nayo. Ni maji laini, yanayoifanya chai iwe na rangi na harufu yake kamili, na kila palipokuwa na harusi au msiba watu walikuja kuchota kwa ndoo. Okko alikua akiamini kwamba duniani kuna maji ya aina mbili tu: ya kwao na mengineyo.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1955. Nyumbani walizungumza lugha yetu ya hapa, kwa hiyo Kijerumani cha vitabuni alikutana nacho darasani, na hawakuwahi kupendana sana. Mama yangu anakumbuka mwalimu alivyowauliza watoto maana ya mafuriko. Okko akanyoosha mkono, akasema, "Ni maji yasiyo na msimamizi." Mwalimu hakumpa alama, lakini nadhani siku hiyo kazi yake ilikuwa imeshapatikana. Mwaka 1964 alikwenda Emden kujifunza ufundi wa mitambo, akafuzu mwaka 1968.

Kuanzia mwaka 1971 hadi alipostaafu mwaka 2012, marehemu alisimamia kituo cha pampu kilicho mwisho wa mfereji mkuu. Ninyi nyote mnalala chini ya usawa wa bahari, na kwa miaka hiyo yote mmeamka wakavu. Wakati wa dhoruba ya Januari 1976 hakurudi nyumbani mpaka ndevu zilipomwota, na bibi yangu, mama yake, alipomkuta mlangoni alidhani ni mtu anayeomba chakula. Hakupenda kusifiwa kwa hilo. Alisema pampu ndizo zilizofanya kazi, yeye alizipa mafuta tu na maneno mawili matatu ambayo siwezi kuyarudia kanisani.

Mwaka 1995, akiwa bado kapera na watu wameshachoka kumtafutia mchumba, alinunua tangi kubwa la kioo la samaki wa maji ya chumvi, akaliweka sebuleni. Mama yangu alimuuliza bahari iliyo hapo nyuma ya boma la udongo linaloizuia ina kasoro gani. Akamjibu, "Dada, bahari yetu ni tope tupu, na samaki wake wana rangi ya sahani chafu. Mimi nataka wa manjano." Akawapata wa manjano, na wenye milia ya rangi ya machungwa pia, akawapenda kupita kiasi. Kisha ukaja mwani.

Ulikuwa mwani wa nyuzi, wa kijani, ulioota juu ya mawe mpaka ukafunika kila kitu. Alisugua mawe kwa mswaki, ukarudi. Alilifunika tangi kwa blanketi la mama yake ili mwani ukose mwanga, nao ukafifia kidogo, kisha ukarudi na nguvu mpya. Alinunua konokono wa kuula, akanunua dawa ya chupa, akanunua chupa nyingine kubwa zaidi. Konokono walishiba, mwani ukabaki. Kila kipande cha matumbawe alichokiweka humo kilifunikwa kikafa, na aliumia kweli, maana huyu ni mtu aliyeamuru maji ya wilaya nzima pa kwenda, na sasa ndoo chache za sebuleni zilikuwa zinamshinda.

Mwezi Novemba 2001 mama yangu alisherehekea siku yake ya kuzaliwa nyumbani kwa kaka yake, na maua yakaletwa na mwenye duka la maua la Leer, mjane aitwaye Hilke Bruns. Mjane huyo alikuwa amefuga samaki wa aina hiyo kwa miaka mingi. Aliweka maua mezani, akalitazama tangi, akauliza:

"Bwana Poppinga, hapa umefuga samaki au nyasi?"

"Samaki. Nyasi zimejialika zenyewe."

"Na maji yanayopungua kwa kukauka, unajazia ya wapi?"

"Kaa kwanza unywe chai," mjomba akasema kwa majivuno. "Ni hayo hayo utakayokunywa."

Akakaa. Sukari ya mawe ikalia ndani ya kikombe, krimu ikatiwa pembeni bila kukorogwa, kama inavyotakiwa. Bi Hilke akanywa kikombe kimoja, akakisifu, kisha akatia kijiko ndani ya kikombe.

Mama yangu anasema watu wote sebuleni waligeuka kukitazama kijiko. Hakuna haja ya kuwaeleza ninyi: kwetu mgeni hunywa vikombe vitatu, na kijiko kikiingia kikombeni maana yake imetosha, usinimiminie tena. Kutia kijiko baada ya kikombe cha kwanza, tena kwenye nyumba ya kisima kile, hata mtoza ushuru hajathubutu.

"Chai haina kosa," Bi Hilke akasema. "Lakini hayo maji usiwape tena samaki wako. Kisima kimezungukwa na malisho ya ng'ombe. Mbolea inashuka ardhini, inaingia kisimani, na wewe kila siku unaulisha mwani kwa mkono wako."

"Kwa hiyo wageni wangu nawanywesha mbolea?"

"Wageni wako hawaoti majani, Bwana Poppinga. Siku ukibadilisha maji, niite nimalizie vikombe viwili."

Mjomba alinuna majira yote ya baridi. Akimsikia mtu anataja maua, anatoka nje. Lakini alikuwa fundi, na fundi akishatiliwa shaka hawezi kuacha kupima. Aliweka ndoo mbili dirishani, moja ya maji ya kisima na nyingine ya maji safi yaliyochujwa, akatia chumvi sawasawa, na katika kila moja akaweka kishada cha mwani wake mwenyewe. Kufikia Pasaka, mwani wa ndoo ya kisima ulikuwa umenenepa unapumua, na ule mwingine ulikuwa umepauka umekufa. Alizipakia ndoo zote mbili kwenye gari, akaendesha taratibu hadi Leer, akaziweka juu ya meza ya duka katikati ya maua ya watu.

"Umeshinda," alisema. "Vikombe vyako viwili vinakungoja."

"Vitatu," Bi Hilke akajibu. "Cha siku ile hakihesabiwi, ulinuna."

Alinunua mashine ya kuchuja maji, akapunguza chakula cha samaki, akang'oa mwani kwa vidole kidogo kidogo kila Jumamosi, akavumilia. Hakuna chupa iliyosaidia, kazi ilifanywa na maji safi na subira. Tangi liliposafika, Bi Hilke alimletea kipande cha matumbawe ya waridi, chenye ukubwa wa kidole gumba, na hicho hakikufa. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 14 Juni 2003. Chai ya harusi ilipikwa kwa maji ya kisima, kwa sharti la bibi harusi mwenyewe. Walikuwa na furaha, na sisi tuliokuwa tukiingia na kutoka nyumba ile tunajua kwamba haikuwa furaha ya kupigia picha.

Mwezi Oktoba 2022 moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Alikaa hospitalini na baadaye kwenye kituo cha mazoezi ya kurejesha nguvu hadi karibu na Krismasi, Bi Hilke akiwa pembeni yake. Jirani yetu Habbo alijitolea kutunza tangi. Habbo, usiinamishe kichwa, leo tunakutania tu. Kwa moyo mweupe kabisa aliwajazia samaki maji bora kuliko yote aliyoyajua, akayachota kisimani kila asubuhi. Mjomba aliporudi, mawe yalikuwa ya kijani, na yale matumbawe ya Bi Hilke, ambayo sasa yalikuwa mapana kama sinia, yalikuwa yamejikunja chini ya nyuzi.

"Nilidhani nawapa kitu kizuri, Okko," Habbo alisema, machozi yakimlengalenga.

Mjomba alicheka, kwa mara ya kwanza tangu augue. "Kosa hilo mimi nimelifanya miaka saba, tena nikiwa na akili zangu timamu."

Lakini usiku ule alipojilaza kitandani, na Bi Hilke amekwenda jikoni, alinishika mkono. "Tomma, nisaidieni. Nisife nikamwachia Hilke shamba la majani. Lile ni tumbawe lake."

Kuanzia hapo kitanda chake kilikaa sebuleni, kikitazama tangi. Hakuweza tena kuinua ndoo, kwa hiyo alituamuru kama alivyoziamuru pampu. Habbo alibeba maji yaliyochujwa, Bi Hilke aling'oa, mimi nilivuta uchafu kwa mpira wa maji. "Taratibu! Unang'oa mwani au unachuna kuku?" Tulifanya hivyo mwaka mzima. Yakaja majuma mwani ulipotupita mbio, na siku moja nilisema tuache, akanitazama mpaka nikachukua tena mpira. Mwezi Februari mwaka huu wa 2024 mawe yakaanza kuonekana. Siku chache kabla ya Pasaka tumbawe likafunguka lote, waridi, na Bi Hilke akakaa kitandani kwa mumewe wakalitazama pamoja.

Jambo moja zaidi. Daktari alikuwa amempunguzia vinywaji, na chai akamruhusu kikombe kimoja tu kwa siku. Mjomba alitii, lakini kwa ukaidi wake hakuwahi kutia kijiko kikombeni. Alikiacha kwenye kisahani kila siku, kuonyesha kwamba bado anadai viwili. Jumapili tarehe 21 Aprili, saa tisa alasiri, aliomba chai ya maji ya kisima. Bi Hilke alimtazama, kisha akammiminia cha kwanza, cha pili na cha tatu, na daktari atusamehe. Alivinywa polepole, samaki wa manjano wakipita mbele yake. Akamaliza. Akatia kijiko ndani ya kikombe, akamwambia mkewe, "Ilikuwa nzuri." Alifariki jioni ile, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Marehemu ameacha mjane, Bi Hilke Poppinga, dada yake Gretje, mimi mpwa wake Tomma na mume wangu Renke, jirani ambaye ni ndugu, Habbo, samaki wanane, na tumbawe moja lililo wazi. Baada ya mazishi mnakaribishwa ukumbini kwa mkate wa zabibu na chai. Maji ni ya kisima, na kila mtu atakunywa vikombe vitatu.

Mjomba Okko, kijiko kimo kikombeni na tangi ni safi. Lala kwa amani, maji yana wasimamizi.